Pengo la Sauti ya Nne

Mimi nikisimulia habari ya mapenzi, watu husahau vyungu vyao motoni vikaungua. Hilo halina ubishi. Isipokuwa mara ya mwisho chungu kilichoungua kilikuwa changu, na nilipotoka jikoni na moshi wangu nikakuta wasikilizaji wote wameshavaa viatu wanakwenda zao. Kwa hiyo leo nimezima moto kwanza. Nanyi vueni viatu mkae.

Mwanamke wa habari hii, kanisani walimwita Sindano. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mkimya, na ukimgusa vibaya anachoma. Yeye ndiye aliyeshona kanzu nyeupe za ubatizo za kanisa lile la Kibaptisti, na kanzu zake zilikuwa na ufundi wake. Kwa Wabaptisti mtu habatizwi kwa matone ya kidoleni. Anazamishwa mzima, kichwa na kisogo, na kanzu nyepesi ikiingia majini hupenda kuvimba ikapanda juu kama mwavuli. Sasa fikiria mama wa heshima zake anaibuka mbele ya kanisa zima, mwavuli uko mabegani. Ilishatokea. Wazee wa kanisa walitazama dari kwa haraka ambayo hawajaionyesha tena katika kazi yoyote ya Bwana. Tangu siku hiyo Sindano alishonea kwenye upindo vipande vya risasi, vile vidogo vya kuzamishia nyavu, na kanzu zikajifunza adabu.

Siku moja kabla ya Krismasi, mchana, kanzu hizo zilikuwa zimetundikwa kwenye waya uliokatiza chumba chake cha kushonea. Upepo ukipita dirishani zilijigeuza taratibu, zikaangaliana. Ukizitazama sana ungesema zina watu ndani. Sindano hakuzitazama sana. Alikuwa ameinamia cherehani, na kando ya dirisha, kwenye kiti chake cha mito, alikaa mama mkwe wake.

Masikio ya yule bibi yalikufa zamani kwa homa. Ukitaka akusikie ulimkaribia ukapaza sauti, ama ulisimama mbele yake akakutazama mdomo. Watu wengi walidhani asiyesikia hajui lolote, wakateta mbele yake huku wamemkodolea macho. Bibi akameza yote, akashiba, akanyamaza.

"Kesho," alisema.

"Kesho, mama."

"Atakuja?"

Sindano alikata uzi kwa meno, apate nafasi ya kumeza mate. Kisha akainua uso ili mdomo wake uonekane vizuri. "Atakuja. Lini aliacha kuja?"

Aliyeuliziwa hapo alikuwa maiti.

Alikuwa mume wa Sindano na mwana pekee wa kiume wa yule bibi. Kwenye kwaya alisimama safu ya nyuma, sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa, wakamwita Ngurumo. Mwalimu wa kwaya alitunga Wimbo wa Hori kwa ajili ya koo lake tu. Mwishoni mwa ubeti wa mwisho sauti nyingine zote hunyamaza, na ya nne hubaki peke yake, ikishuka ngazi baada ya ngazi: *mtoto akalala, akalala, akalala*. Ngurumo alikuwa akishuka mpaka mbao za mabenchi zinatetemeka na watoto wadogo wanajishika matako wakicheka.

Krismasi moja alishuka hivyo mpaka chini kabisa. Akaketi. Akaegemeza kichwa begani kwa mwenzake. Watu wakatabasamu; walidhani ameigiza wimbo, eti naye amelala. Mchungaji akatoa baraka, watu wakatoka uani wakipeana mikono ya Krismasi, na yule mwenzake akabaki amekaa wima kama mlingoti, hana ujasiri wa kusogea wala wa kuita. Moyo wa Ngurumo ulikuwa umesimama palepale kwenye *akalala* ya mwisho.

Sindano naye alikuwa ametabasamu. Hilo ndilo lililomfuata nyumbani na kulala naye kitanda kimoja. Si kifo. Ni kwamba mumewe alikuwa anakufa, na yeye kutoka benchi la mbele alimtazama akamcheka kwa mapenzi.

Kwaya haikujaza nafasi ile. Iliacha pengo safu ya nyuma, upana wa mabega ya mtu mkubwa, na kila Krismasi waliimba Wimbo wa Hori mpaka mahali pake, wakanyamaza. Walinyamaza muda uleule ambao yeye angeshuka. Kanisa zima kimya, watu wanasikiliza kitu kisichoimbwa.

Krismasi ya kwanza Sindano alimsikia. Mniamini msiniamini, alimsikia. Sauti haikutoka kwenye pengo. Ilitoka chini ya sakafu, nyuma ya mimbari, pale ambapo kisima cha ubatizo kimefunikwa kwa mbao. Ilikuwa kavu kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Mama mkwe wake alimshika kiwiko kwa kucha. "Amekuja? Sikio langu hili bure kabisa. Niambie, amekuja?" Sindano akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka. Na yule bibi, ambaye tangu msiba alikuwa akila kama anayeonja dawa, siku hiyo alikula akaongeza, na jioni alicheka mpaka akakohoa.

Krismasi iliyofuata Sindano alikaa tayari. Kimya kikaja. Akasikia mtoto akipiga chafya. Akasikia kiti kikilia. Chini ya mbao hakukuwa na kitu.

"Amekuja?"

Utasemaje? Utamwangalia mzazi machoni umwambie mwanao safari hii hakuona haja? "Amekuja, mama," alisema.

Na uongo wa namna hiyo haukai na njaa. Mama mkwe alitaka kujua alianzia wapi, alishuka vizuri, kifua chake kimepona? Sindano akajibu. Mwaka mmoja alimpa mafua, mwaka mwingine akamponya. Alimtunza marehemu kuliko alivyomtunza hai. Usiku tu, taa ikizimwa, ndipo alipojua lililokuwa likimtisha. Hakuogopa mzimu. Aliogopa kwamba mzimu umemsusa. Alijaribu kuikumbuka ile sauti, hata neno moja tu, hata vile alivyokuwa akiuliza kama chai ipo, na kichwani mwake watu wote wa kwaya walifungua midomo, na safu ya nyuma kulikuwa na shimo.

Sasa katikati ya shimo hilo ndipo alipoingia fundi wa maji.

"Hodi!"

"Karibu," Sindano alijibu, mkono ukakimbilia kilemba kukiweka sawa. Mama mkwe akauona mkono.

"Nani?"

"Fundi wa maji, mama. Amekuja kupima kanzu."

"Si alipima Jumatatu?"

"Ilikuwa fupi."

"Na wiki iliyopita?"

"Ilikuwa ndefu."

"Shikamoo, mama," fundi alisema, amevua kofia.

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo penye mwanga nikuone unavyokua. Mtu mzima na ndevu zake, kila wiki ana urefu mpya."

Fundi huyu aliletwa kanisani na kuvuja. Kisima cha ubatizo kilikuwa kimeanza kunywa maji yake chenyewe, mpaka siku moja mchungaji akashuka na mtu na kukuta yamebaki ya kunawia miguu. Fundi akaitwa, akalala kifudifudi ndani ya kisima kikavu siku kadhaa akiziba nyufa, huku juu yake kwaya ikifanya mazoezi na mchungaji akirudia mahubiri yake kwa sauti. Alitoka mule ameziba nyufa na ameamini. Ndivyo alivyosema mwenyewe mbele ya washirika wote siku ya kutoa ushuhuda, maana kwa Wabaptisti huingii majini kabla washirika hawajakusikiliza na kunyoosha mikono kukukubali. Utotoni alinyunyiziwa maji kwenye paji la uso katika dhehebu la wazazi wake. Hapa hilo lilihesabika kama kunawa uso. Mzee mmoja mwenye mashaka akasimama akamuuliza: "Kijana, unabatizwa kwa ajili ya Bwana, au kwa ajili ya mjane wa watu?"

"Mzee, Bwana nimeshamjibu," fundi alisema. "Huyo mwingine ndiye hajanijibu."

Kanisa likaangua kicheko, mikono ikanyooka. Benchi la mbele Sindano alitamani sakafu ifunguke.

Sasa, chumbani kwake, Sindano alikuwa amempigia magoti, pini mdomoni, anazunguka upindo wa kanzu yake.

"Kanzu hii nzito," fundi alisema polepole. "Umeweka nini?"

"Risasi. Usije ukaelea."

"Mimi tangu nikuone naelea. Vipande hivi havitoshi."

"Usinichekeshe, nitameza pini."

"Basi nikuulize jambo lisilochekesha." Aliinama kidogo. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutafuta tatizo gizani, hayakurukaruka. "Nikitoka majini kesho, wewe utakuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia na taulo. Ndiyo kazi yangu."

"Sikuulizi kazi."

Sindano alichoma pini, akaichomoa, akaichoma palepale. "Kesho ni siku yake," alisema.

"Najua ni siku yake. Na keshokutwa? Nilikuomba tuoane mvua hazijaanza, ukasema ngoja. Zimeanza, zimekwisha, nimengoja. Mwanamume hai ningeshindana naye. Ningevaa vizuri kumpita, ningemzidi kwa maneno, ikibidi ningemzidi kwa ngumi kisha nitubu. Huyu nimkamate wapi?"

"Usimseme hivyo."

"Simsemi vibaya. Nimelala ndani ya kisima chenu, juu yangu kwaya ikafika pale wakanyamaza. Sikujua maana yake. Nywele zilinisimama. Nijibu hili tu, nami sitakusumbua. Watu wanasema unamsikia. Unamsikia kweli?"

Hapo Sindano alitoa pini mdomoni moja moja. Neno *hapana* lilikuwa juu ya ulimi wake. Miaka yote hii hakuna aliyemuuliza akitaka ukweli, na mwanamume huyu, amesimama na kanzu nyeupe na vidole vya miguu vyenye vumbi la saruji, alikuwa anautaka. Akainua uso amjibu.

Na nyuma ya mabega ya fundi akaona kiti cha mito. Mama mkwe alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Alikuwa anatazama mdomo wa Sindano, na mwanga wote wa mchana ulikuwa umeuangukia mdomo huo.

"Ndiyo," Sindano alisema. "Namsikia."

Uso wa fundi ulifungwa kama mtu amefunga koki.

"Basi," alisema. "Mume akiwa bado anaongea na mkewe, mimi nimesimama mlangoni nangoja nini? Kuna kazi ya kulaza mabomba, mbali. Wamenisubiri sana. Kesho nikishavaa nguo kavu, naondoka."

"Siku ya Krismasi?"

"Bomba halina sikukuu."

Alivua kanzu, akaikunja vizuri kuliko inavyohitaji kukunjwa, akamuaga bibi kwa mikono miwili, akatoka.

"Anasemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Anasema kanzu imemkaa."

"Mh," alisema bibi. "Uso wake haukusema kanzu."

Jioni alikuja wifi, dada wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya kuuza vitu sokoni hata akiomba chumvi. Hakuketi. "Wifi, mimi sina chuki na mtu. Lakini mji mzima unaongea. Mke wa kaka yangu ni mke wa kaka yangu. Ukiolewa huko, mama atakaa na nani?"

"Sijasema naolewa."

"Na kesho nani atamsikilizia kaka? Mimi nilijaribu mwaka jana, nikakaza masikio mpaka yakaniuma. Sikusikia hata nzi. Wewe ndiye umejaliwa. Usije ukaitupa karama kwa ajili ya mtu wa mabomba."

Sindano alikuwa anashona upindo wa ile kanzu, na kwa kuwa macho yalikuwa yamemjaa maji, hakuona vizuri mkono wake unachukua nini kwenye kopo na unashonea wapi.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Mabenchi yalipakwa mafuta yakang'aa, watoto walivaa viatu vinavyobana, akina mama wa zamu walipamba mimbari kwa vitambaa vyeupe na matawi mabichi. Na mbao za nyuma ya mimbari zilikuwa zimeondolewa.

Sindano alikuwa hajawahi kukiona kisima kikiwa wazi siku ya Krismasi. Ubatizo ulizoeleka kufanyika siku nyingine. Mwaka huu mchungaji aliusogeza kwa sababu ya matengenezo. Alisimama nyuma ya pazia na taulo zake, akachungulia maji. Yalikuwa meusi yametulia. Mwanga wa madirisha uliyagusa ukarukia dari, ukawa unatembea huko juu kama mtu anayetafuta kitu. Chini humo ndimo sauti ilimotoka. Alihisi baridi ya kisima ikimpanda miguuni, akajikuta anasema kimoyomoyo: *kama upo, nionee huruma. Na kama hupo, nionee huruma pia.*

Kwaya ilisimama. Pengo safu ya nyuma lilikuwa palepale.

Alitangulia mama muuza mkaa, akashuka akitetemeka, akatoka akipiga vigelegele na kumwagia mchungaji maji usoni. Baada ya kila mtu kanisa liliimba ubeti mmoja. Akafuata binti wa mwalimu. Wa mwisho alikuwa fundi.

Alishuka ngazi bila kugeuka upande wa pazia. Maji yakamfika kiunoni. Mchungaji akamuuliza, "Umemwamini Bwana Yesu kuwa mwokozi wako?" naye akajibu, "Nimemwamini," kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeitikia hodi nyumbani kwake.

"Umezikwa pamoja naye," mchungaji alisema, na akamlaza.

Maji yalifunga juu ya uso wake. Sindano aliuona uso ule chini, umetulia, macho yamefumba, na kwa sekunde hiyo haukuwa uso wa fundi. Ulikuwa uso uliolala begani kwa mtu kwenye safu ya nyuma. Akangoja ainuliwe. Mchungaji alivuta. Fundi hakuja. Mchungaji alijipanga miguu, akavuta tena, mshipa wa shingo umemsimama, na ile kanzu ikabaki imeng'ang'ania chini kama imeshikwa na mtu.

Ndipo Sindano alipojua mkono wake ulishona nini jana. Kopo zima la risasi.

Hakufikiri. Alipita pazia akatokeza mbele ya kanisa lote, taulo imeburuta sakafuni, akapiga goti ukingoni mwa kisima na kunyoosha mkono. Hakuita jina la mtu yeyote. Alitoa sauti tu, ya kukataa, ile wanayotoa watoto.

Maji yakapasuka. Fundi akaibuka akikohoa, akipepesa macho, hai kabisa, na kanisa likapumua kwa pamoja. Ubeti ukaanza kwa sauti kubwa kupita kiasi, vile watu wanavyoimba wakiwa wameshaona jambo la kwenda kuzungumza nyumbani. Sindano akarudi nyuma ya pazia kinyumenyume, uso unamwaka.

Fundi aliingia akidondosha maji, meno yanagongana.

"Ulitaka kuniua?" alinong'ona.

"Niliongeza risasi."

"Kwa nini?"

"Ulisema hazitoshi."

Walicheka wote wawili, mikono midomoni, mpaka mabega yakatikisika. Kisha kicheko kikaisha, na wakabaki wamesimama karibu mno. Sindano alimfunika taulo kichwani akaanza kumkausha kwa nguvu, kama anafua. Chini ya taulo akasikia sauti yake.

"Nilifumbua macho majini. Nikaona mkono."

"Usiongee, utapata kifua."

"Mkono ule ulikuwa unamtaka nani? Sema sasa hivi, nami sitaondoka."

Sindano aliendelea kukausha. Alisikia pumzi yake. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye upindo mzito, tone kwa tone, sakafuni. Alisikia moyo, hakujua ni wake au wa fundi. Dunia nzima ilikuwa imeingia ndani ya taulo ile. Na alipofungua mdomo, kupitia upenyo wa pazia aliona benchi la mbele, na bibi mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, ameketi wima, mikono mapajani, anangoja.

"Nenda kavae," alisema.

Fundi aliinua taulo polepole akamtazama. Kisha akachukua nguo zake akaenda chumba cha wanaume.

Nje ya pazia mchungaji alikuwa anatoa baraka. *Baraka?* Sindano alishtuka. Baraka ndiyo mwisho wa ibada, na Wimbo wa Hori huimbwa kabla yake. Basi umeshapita. Umeimbwa, kimya kimekaa, watu wamesikiliza, na yeye alikuwa wapi? Alikuwa na kichwa cha mwanamume mwingine mikononi. Miaka yote hii hata alipokosa kumsikia, angalau alimngoja. Leo hakumngoja. Aliketi juu ya kanzu zilizolowa, akaufunika uso kwa taulo, na taulo ikamnukia sabuni ya fundi. Hilo ndilo lililomliza.

Uani watu walikuwa wanapeana mikono. "Krismasi njema!" "Nawe pia, na watoto!" Watoto walikuwa wameshavua viatu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, peke yake, fimbo kati ya magoti. Wifi alikuwa amesimama mbali kidogo akizungumza na mwalimu wa kwaya, na wote wawili walipomwona Sindano walikumbuka ghafla kutazama mawingu.

"Krismasi njema, mama."

"Kaa hapa. Mbele yangu, nikuone." Bibi alimvuta kwa kidole gumba na cha shahada, kama anayeshika kitambaa. "Macho yamekuvimba."

"Ni sabuni ya kanzu."

"Ee. Alikuja?"

Nyuma ya bibi mlango wa chumba cha wanaume ulifunguka. Fundi alitoka, shati kavu, nywele bado zinang'aa maji, mfuko wa vifaa begani. Alisimama kusudi aage. Sindano alimwona, akamwangalia yule bibi, akaona midomo ya kizee inatetemeka kidogo kwa kungoja. Akachagua kama alivyochagua kila mwaka.

"Alikuja, mama."

"Uliweza kusikia kutoka kule nyuma?"

"Kule ndiko karibu zaidi. Kisima kilikuwa wazi."

"Alishuka vizuri?"

"Vizuri kabisa. Kuliko mwaka jana." Alilazimisha tabasamu. "Alivuta ile *akalala* ya mwisho mpaka maji yakatetemeka."

Mama mkwe alimtazama mdomo muda mrefu. Kisha akamtazama macho, jambo ambalo hakulizoea.

"Maji yakatetemeka," alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Jana, wewe ulipokuwa unamkana yule kijana pale dirishani, nilikuwa nakusoma. Mdomo ulisema ndiyo, shingo ilisema hapana. Nikamtuma wifi yako kwa mwalimu wa kwaya. Nikasema, mwambie mwaka huu apumzike. Mwacheni na mwanangu apumzike." Bibi alimshika kiwiko, safari hii bila kucha. "Wimbo haukuimbwa, mwanangu. Hata neno moja. Kwaya iliimba mengine, ikaketi, na mchungaji akatoa baraka."

Nyuma ya benchi, mfuko wa vifaa ulishuka kutoka begani mwa fundi ukatua chini.

"Sasa nijibu," mama mkwe alisema, na akasogeza uso karibu ili asipitwe. "Huko nyuma ya pazia ulikuwa unamsikiliza nani?"